Chemirocha na Inkishafi: Utohozi wa Kazi za Kale katika Darasa la Fasihi

Utangulizi

Mojawapo ya malalamiko yasiyokosa kusikika walimu wa Kiswahili wa Kericho na Bomet wanapokutana, iwe ni katika usahihishaji wa mitihani ya mwigo au katika warsha za somo, ni kwamba wanafunzi wetu hawaoni wanavyohusika na ushairi wa kale. Mtoto aliyelelewa kati ya michai, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni Litein au cha majirani katika nyumba za kampuni, hukutana na beti za Kiamu akahisi ameingia kwa watu bila kupiga hodi. Maneno ni mageni, dini huenda si yake, na bahari hajaiona. Mwalimu naye, kwa kuchelea muda, humwelekeza kwenye kile kinachotahiniwa: taja bahari ya shairi, onyesha inkisari na tabdila, andika ubeti wa tatu kwa lugha ya nathari. Mwanafunzi hupata alama zake, kisha yeye na shairi huagana wasionane tena.

Kwa miaka mingi hasara hii haikuonekana waziwazi kwa sababu fasihi ilikuwa ya lazima. Kila mtahiniwa wa KCSE aliifanya Karatasi ya Tatu, apende asipende. Hali inabadilika. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10, walioingia Januari 2026, wanaikuta Fasihi ya Kiswahili ikiwa somo la kuchaguliwa, mbali na Kiswahili ambacho ni cha lazima. Swali la "linanihusu nini?" ambalo zamani tuliweza kulipuuza sasa ndilo litakaloamua kama darasa la fasihi lina wanafunzi arubaini au wanne.

Makala haya yanadai kwamba kazi ya kale inaweza kumhusu msomaji hata kama haifanani na maisha yake. Humhusu pale anapoitohoa, yaani anapoitia katika masikio na maisha yake bila kuifuta asili yake. Dai hili tutalitolea mfano wa wimbo uliorekodiwa papa hapa katika nchi yetu ya chai, kisha tulijaribu kwenye utendi wa Al-Inkishafi.

Wimbo wa Kapkatet

Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka sehemu nyingi za Afrika akirekodi muziki wa jamii mbalimbali, alifika Kapkatet. Miongoni mwa aliyoyarekodi ni wimbo mfupi wa wasichana wa Kipsigis wakiongozwa na Chemutoi Ketienya, sauti zao zikiandamana na kinubi cha kienyeji. Wimbo huo unaitwa Chemirocha. Tracey alirekodi nyimbo tatu zenye jina hilo. Huu wa wasichana, ulioorodheshwa kuwa wa tatu, ndio uliopata umaarufu. Rekodi zake zikawa sehemu ya maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo leo iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini.

Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1897, akafanya kazi ya reli, kisha akawa mwanamuziki mashuhuri, na kufariki mwaka 1933 kwa kifua kikuu akiwa na umri wa miaka 35. Huku kwetu hakufika. Iliyofika ni sauti yake, katika santuri zilizoletwa na wageni. Wasichana wa Kapkatet walipokuwa wakimwimba, mwenye sauti hiyo alikuwa na miaka 17 kaburini. Kwa mujibu wa maelezo ya Tracey, wimbo unamwita Chemirocha aje acheze, tena acheze kwa nguvu hata nguo zimvuke. Naye Chemirocha si binadamu kamili, bali ni nusu mtu, nusu swala.

Hebu tuuchunguze wimbo huu kama tunavyochunguza kazi nyingine yoyote ya fasihi simulizi.

Jambo la kwanza ni jina. Jimmie Rodgers amekuwa Chemirocha. Tukifundisha utohozi katika Karatasi ya Pili tunawaambia wanafunzi kwamba neno la kigeni likiingia katika lugha hulazimika kufuata sauti na silabi za lugha pokezi. Hapa neno limefanya zaidi ya hayo. Limechukua mwanzo wa Che-, ambao kila mtoto wa Kericho anaujua kutokana na majina kama Chemutai, Cherono na Cherotich. Mtu wa mbali amepewa jina ambalo likitajwa katika orodha ya darasa halimshtui mtu.

Jambo la pili ni mhusika mwenyewe. Nyimbo za Rodgers zilijaa garimoshi, safari, mapenzi yaliyovunjika na ugonjwa. Wasichana hawakuchukua hayo, kwani yamkini maneno ya santuri hawakuyaelewa. Waliyoyachukua ni yale masikio yao yaliyoweza kuyashika: mwanamume asiyeonekana, sauti inayopanda ghafla na kushuka, mlio wa nyuzi, na hamu ya kucheza inayomjia asikilizaye. Kutokana na hayo wakaunda mhusika wao. Kwa istilahi zetu, waliokuwa hadhira wakawa fanani.

Jambo la tatu ni ule unusu-mnyama. Tracey alipoueleza alimtaja Pan, mungu wa Wayunani mwenye miguu ya mbuzi. Mwalimu wa fasihi simulizi ana haki ya kulitilia shaka elezo hilo. Pan alitoka katika elimu ya Tracey. Jadi ya Wakalenjin ilikuwa na viumbe wake tayari, akiwemo chemosit, zimwi ambalo ni nusu mtu nusu ndege na ambalo watoto walitishwa nalo jioni. Kwa hivyo ni busara zaidi kumsoma Chemirocha kando ya ngano za mazimwi za jamii iliyomwimba kabla hatujaenda kumtafuta Uyunani. Hatusemi kwamba Chemirocha ni chemosit. Mmoja hutisha na mwingine anaalikwa ngomani. Tunasema tu kwamba wasichana hawa hawakuwa na haja ya kuazima umbo la mtu-mnyama kwa mtu yeyote. Ona pia kwamba Tracey mwenyewe, kwa kumtaja Pan, alikuwa akitohoa: aliusikia wimbo kwa masikio aliyokuja nayo.

La mwisho ni toni. Je, wasichana wanampenda Chemirocha au wanamcheka? Mwaka 1950 Kericho ilikuwa chini ya wakoloni, na mashamba ya chai yalikuwa yamekwisha kuenea. Wasichana wadogo wanamwambia kiumbe wa jamii ya watawala acheze mpaka nguo zimvuke. Kuna kejeli hapo, na kuna shauku pia. Maneno ya wimbo yanaruhusu yote mawili, na mhakiki asiharakishe kuchagua moja. Darasani, swali hili lina manufaa kuliko kumwamuru mwanafunzi ataje sifa tano za nyimbo.

Ukaribu Usiotosha

Msomaji anaweza kusema: basi tuwafundishe watoto wa Kericho nyimbo za Kericho, tuache za pwani zibaki pwani. Hoja hii husikika sana, na ina ukweli fulani, lakini haitatui tatizo.

Nilipowachezea wanafunzi wangu wimbo huu kwa simu, nusu ya darasa haikuelewa hata neno moja. Mashamba ya chai yamekusanya watu wa kila pembe. Katika darasa moja nina Wakipsigis, Wakisii, Waluo na Waluhya, na lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. Kwa msichana ambaye mama yake alikuja kuchuma majani kutoka Nyamira, wimbo wa Kapkatet ni mgeni kama utendi wa Pate. Hata miongoni mwa Wakipsigis walikuwemo waliocheka kwa mshangao, wakisema kwamba huo ni uimbaji wa nyanya zao. Wimbo uliorekodiwa kilomita chache kutoka kwao ulikuwa mbali nao kwa miaka zaidi ya 70.

Historia ya rekodi zenyewe inafundisha jambo hilo hilo. Wimbo uliondoka Kericho, ukahifadhiwa Afrika Kusini, ukasikilizwa na watu wa Ulaya na Marekani. Zaidi ya miaka 60 baada ya kurekodiwa ndipo nakala zilipoletwa nyumbani na kusikilizwa na wazee, wakiwemo waliokuwapo wakati wa kurekodiwa. Kuzaliwa karibu na kazi ya sanaa hakukufanyi uwe mwenyeji wake. Wasichana wa 1950 walikuwa mbali na Mississippi kuliko sisi tulivyo mbali na Lamu, lakini waliipokea sauti ya Rodgers wakaifanya yao, kwa sababu walikuwa na ujasiri wa kusikiliza na wa kutunga.

Al-Inkishafi Kati ya Michai

Sasa tuutazame utendi wa Al-Inkishafi. Ulitungwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir karibu na mwisho wa karne ya 18 au mwanzo wa karne ya 19, wakati fahari ya mji wa Pate ilipokuwa imekwisha kufifia. Una mishororo minne katika kila ubeti, mizani kumi katika kila mshororo, na kina cha mshororo wa nne kinaendelea kuwa kile kile utendi mzima. Mshairi anauzungumzia moyo wake, anauliza kwa nini unang'ang'ania dunia, kisha anauonyesha mfano: matajiri wa Pate, majumba yao yaliyowaka taa, vyombo vyao vya thamani na mwendo wao wa maringo. Kisha kifo. Majumba yamekuwa magofu, popo wananing'inia darini, ndege wamejenga viota palipopangwa vyombo, buibui wametanda.

Mwongozo wa kawaida utatoa maudhui: upitaji wa dunia, kifo, ubatili wa mali, toba. Yote ni sahihi. Lakini mwanafunzi akiyakariri tu hajatohoa chochote. Ameazima neno bila kulitamka kwa ulimi wake. Kwa hiyo katika kidato cha tatu tulianza na kazi ile ile ya mtihani, yaani kuziandika upya beti za majumba kwa lugha ya nathari. Tulikwenda neno kwa neno, tukitumia kamusi na maelezo ya Kiamu. Baada ya hapo nilitoa swali moja: ni mahali gani katika beti hizi panapokataa kuingia katika maisha unayoyajua?

Mvulana mmoja, ambaye ukoo wake ulihamishwa kutoka katika ardhi iliyopandwa chai, alijibu kwamba watu wa Pate walau waliacha magofu. Kwao hakuna gofu hata moja. Boma la babu wa babu yake lilifunikwa na michai, na michai hukatwa ikawa sawa kama meza. Jibu hilo lilibeba historia nzima ya eneo hili. Ardhi ya Wakipsigis ilianza kumegewa walowezi mwanzoni mwa karne ya 20. Kampuni kubwa za chai ziliingia miaka ya 1920. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria mahususi ya kuwahamisha Watalai, ukoo wa viongozi wa kiroho, na wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Mwaka 2022 wawakilishi wa Wakipsigis na Watalai waliwasilisha malalamiko dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Haya si mambo ya vitabuni tu kwa watoto hawa, nyumbani huzungumzwa.

Mvulana yule akaendelea kwa kubishana na mshairi. Utendi unayasoma magofu kama onyo kwa wenye kiburi. Je, aliyeondolewa kwa sheria ya mkoloni aliponzwa na kiburi gani? Huu ni uhakiki halisi. Mwanafunzi ameuona mtazamo wa kimaadili wa mshairi, akaupima kwa tukio analolijua, akauona ukomo wake. Hangeuona ukomo huo kama ningemwambia kwamba Pate ni kama Kericho. Aidha, ubishi wake ulituongoza kwenye jambo ambalo utendi ulitufundisha kulitafuta, yaani masalio. Pate masalio ni mawe. Hapa masalio ni majina. Kapkatet, Kapsoit, Kapkugerwet: sehemu ya Kap- humaanisha nyumbani au mahali pa. Mwanafunzi anayeishi mahali penye jina la Kap- ana kipande cha ubeti ambacho hajakiuliza maswali.

Jibu la pili lilitoka kwa msichana ambaye wazazi wake ni wachumaji wa chai na wanaishi katika nyumba za kampuni. Nyumba hizo ni za mwajiriwa. Kazi ikiisha, familia hufunga virago. Yeye hakuwashughulikia matajiri hata kidogo. Kuna mahali mshairi anapoeleza jinsi matajiri wale walivyolala wakiwa na watu wa kuwakanda, wa kuwapepea na wa kuwaimbia. Msichana akauliza: hao waliokuwa wakipepea walikwenda wapi? Utendi unawalilia wenye majumba na kuwaonyesha katika makaburi yao. Waliosimama usiku kucha wakipunga vipepeo wametajwa, kisha wakaachwa. Walipoteza nini majumba yalipobomoka, ilhali hayakuwa yao?

Nimeufundisha utendi huu mara kadhaa, na sijaona katika miongozo tunayotumia swali linalozidi hilo. Linatokana na maneno ya ubeti wenyewe, na linatokana na maisha ya anayeuliza. Msichana hakujiona katika mhusika mkuu wala katika dhamira kuu. Alijiona katika sehemu ndogo ya ubeti mmoja, pembeni mwa kitanda cha tajiri. Mara nyingi huko ndiko msomaji wa baadaye anakopata nafasi katika kazi ya kale. Vilevile swali lake linaturudisha Kapkatet. Kati ya wasichana wale wa 1950, orodha ya rekodi imehifadhi jina la aliyeongoza. Waliomwitikia wameandikwa kwa jumla kuwa wasichana wa Kipsigis, kama wale waliowaimbia matajiri wa Pate wasivyotajwa kwa majina.

Mipaka ya Utohozi

Utohozi una masharti, na mwalimu asipoyasimamia darasa litageuka kikao cha kila mtu kujieleza. Neno la mkopo lisipobadilika kabisa halitamkiki. Likibadilika kupita kiasi, hakuna atakayejua lilitoka wapi. "Shule" lingali na mwangwi wa Kijerumani, na "Chemirocha" bado lina Jimmie Rodgers ndani yake kwa atakayelitamka polepole.

Kwa mfano, baadhi ya wanafunzi waliandika kwamba Al-Inkishafi unahusu bonasi ya majani chai, kwa sababu bonasi nayo huja ikaisha. Jibu hilo limeliacha shairi nyuma. Mshairi hakulalamikia uchache wa pesa. Alishangaa kwamba wingi wake haukuwazuilia wenyewe kifo. Mwanafunzi aliyeandika hivyo aliombwa aonyeshe mshororo unaomuunga mkono. Alipoukosa, alirudi kwenye ubeti akatafuta upya, akaja na hoja kuhusu watu wanaojenga nyumba kubwa kijijini bila kuishi ndani yake. Hiyo ilikuwa na mshororo.

Kanuni tunayoipendekeza ni nyepesi. Kila dai la "hili linanihusu" lianzie kwenye neno lililomo katika kazi, na kila neno lililochaguliwa lielezwe kwanza katika maana yake ya wakati wake. Hatua hii ya pili haipaswi kurukwa. Wanafunzi wasiokuwa Waislamu hawana budi kuielewa imani ya Sayyid Abdalla kabla ya kubishana naye; heshima hiyo ndiyo tunayowadai wengine wanaposikiliza wimbo wa Kapkatet na kumsikia Pan.

Hitimisho na Mapendekezo

Tumeona kwamba wasichana wa Kapkatet waliipokea sauti ya marehemu wa nchi ya mbali wakaipa jina, umbo na ngoma ya kwao. Tumeona pia kwamba wanafunzi wa leo, katika mazingira yale yale ya michai, wanaweza kuutendea utendi wa Pate vivyo hivyo, mradi wapewe muda wa kuyaelewa maneno na ruhusa ya kubishana nayo.

Kwa walimu wenzangu, napendekeza mambo matatu. Kwanza, zoezi la kuandika ubeti kwa lugha ya nathari lidumishwe, ila liwe mwanzo wa somo badala ya mwisho wake. Pili, kila kazi ya kale ifundishwe pamoja na kazi simulizi ya eneo la shule, hata kama hazifanani, ili wanafunzi wasiozijua zote mbili waanze wakiwa sawa. Tatu, wanafunzi watumwe kwa wazee wao wakiwa na swali lililotoka katika shairi. Mvulana niliyemtaja alitumwa kuuliza majina ya mahali ambapo leo ni chai, akarudi na majina kumi na moja, manne kati yake hayajulikani na mwanafunzi mwingine yeyote darasani. Tumeyaandika katika daftari la darasa, chini ya beti za majumba ya Pate, na kazi ya kidato kitakachofuata itakuwa kuliendeleza.